Hyrule Ileile, Mikono Mingine

Waliokulia kwenye vibanda vya PlayStation wanaijua vizuri biashara ya gemu za mpira: kila mwaka toleo jipya, jezi mpya, wachezaji waliohama wamehamishiwa timu zao, na pasi ni ileile ya mwaka jana. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba kampuni imekaa miaka sita ikitengeneza gemu inayochezwa kwenye ramani ya gemu iliyotangulia, atakuona umepigwa mchana kweupe. Manung'uniko hayo yalisikika pale Nintendo ilipoitoa The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom, Mei 12, 2023, tena kwa dola 70 badala ya 60 zilizozoeleka kwa gemu zake za Switch. Nchi ya Hyrule humo ni ile tuliyoizunguka mwaka 2017 katika Breath of the Wild. Milima iko palepale.

Ila ramani ni uwanja tu. La kuuliza ni mchezaji anaweza kufanya nini juu yake, na hapo ndipo gemu hizi mbili zinapoachana.

Katika ile ya 2017, shujaa wetu Link ana uwezo uitwao Magnesis, sumaku inayoinua vitu vya chuma peke yake. Unaona sanduku la chuma limezama majini, unalivuta juu, unaliweka mahali pa kukanyagia, unapita. Likiwa la mbao, huna la kufanya. Gemu ya 2023 imeiondoa sumaku hiyo ikaleta Ultrahand, inayoinua karibu kila kitu kisichofungwa ardhini, ikakizungusha, ikakigandisha kwenye kingine. Mapema kabisa, kwenye kisiwa cha angani ambako mchezaji hufundwa kazi, utakuta magogo na tanga kando ya maji. Gandisha magogo ubavu kwa ubavu, simika tanga, umepata chelezo. Tanga likikaa pembeni, chombo kinakwenda upogo. Hakuna maandishi yanayotokea kukuambia umekosea. Upepo wenyewe unakufundisha.

Ni rahisi kulisimulia jambo hili kuliko kulitengeneza. Katika gemu nyingi, lango hufunguka kwa sababu mwandishi wa programu ameagiza lifunguke, bila kujali uzito wala kizuizi. Mpe mchezaji ruhusa ya kugandisha chochote kwenye chochote, na lango la namna hiyo litapenya katikati ya gogo kana kwamba gogo halipo. Kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu wa GDC, San Francisco, mwaka 2024, wahandisi wa Nintendo walieleza kwamba iliwabidi wavibadilishe vitu vyote vya aina hiyo, kila kinachosogea kitii kanuni za fizikia. Kwa hiyo kazi kubwa ya miaka ile imefichika ndani ya milango na madaraja yanayoonekana ya kawaida kabisa.

Uwezo wa pili, Fuse, umenivutia zaidi kwa sababu unajibu malalamiko ya zamani kwa ujanja. Mwaka 2017 watu walilia kwamba silaha zinavunjika upesi mno. Kupigana na zimwi mara nyingi kulikuwa hasara: unavunja panga zuri, unaokota rungu baya. Wengi walitaraji Nintendo iondoe kuvunjika huko. Badala yake imezidisha: mapanga ya Hyrule yameliwa na uozo, karibu hayafai kitu, lakini unaweza kupachika pembe ya zimwi kwenye ncha ya panga bovu likawa kali kuliko lilivyowahi kuwa. Sasa kila zimwi unayemuua amekuachia silaha ya kumuulia mwenzake. Kasoro imegeuka kuwa uti wa mgongo wa mapigano. (Kupachika vitu kwenye mishale kila mara kupitia orodha ndefu ya vifaa ni kero, na sijamwona anayeitetea.)

Si kila nyongeza imezaa. Chini ya Hyrule yote kuna nchi ya giza, na imepangwa kwa akili: palipo na mlima juu, chini kuna bonde, chini ya kila hekalu dogo la ardhini kuna mzizi wa mwanga wenye jina lilelile lililoandikwa kinyumenyume. Ukishaigundua hesabu hiyo unafurahi. Baada ya hapo ni mwamba uleule na giza lilelile kwa saa nyingi. Nusu yake ingetosha. Masimulizi nayo yanajirudia: kila hekalu kubwa unalolimaliza, mhenga wa kale anakueleza vita vilevile karibu kwa maneno yaleyale.

Hasara kubwa zaidi imetokana na uwezo wenyewe. Breath of the Wild ilikuwa gemu ya kupanda. Unaukwea mlima kwa mikono, pumzi inakuishia, mvua inanyesha jiwe linateleza, unasubiri chini ya mwamba, na ukifika kileleni umeustahili ule upeo wa macho. Katika ya 2023 unagandisha feni mbili kwenye usukani, unaruka juu ya mlima wote bila kuugusa. Kwa utengenezaji, gemu ya pili imeizidi ya kwanza mbali. Kwa safari, ya kwanza haijafikiwa.

Zote mbili zinachezwa kwenye Switch. Anza na ya 2017, hata kama aliyekuazima anakusifia ile mpya, kwani ukishazoea kuruka, kupanda mlima kwa mikono kutakuchosha kabla hujafika nusu ya ramani.