Gesi ya Msumbiji: Utajiri Usiopita Pwani

Mwezi wa Novemba 2022, Msumbiji iliuza nchi za nje shehena yake ya kwanza ya gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika. Shehena hiyo haikupitia bandari yoyote ya nchi hiyo. Ili kulielewa jambo hili, hapana budi kutazama kwanza mahali gesi yenyewe ilipo.

Gesi ya Coral, mkabala na jimbo la Cabo Delgado, iligunduliwa mwaka 2012. Mamilioni ya miaka iliyopita, mchanga kutoka barani uliporomokea katika kilindi cha bahari, ukafunikwa na matope. Mchanga ukawa mwamba wenye vitundu vinavyohifadhi gesi. Matope yakawa kifuniko. Juu yake yapo maji ya kina cha mita 2,000 hivi, ambayo peke yake hugandamiza sakafu ya bahari mara 200 kuliko hewa ya nchi kavu. Chini zaidi, mgandamizo huongezeka. Gesi inapopanda na kupoa, sehemu yake hugeuka kuwa mafuta mepesi, ambayo nayo huuzwa.

Visima 6 huipeleka gesi hiyo kwenye Coral Sul, mtambo unaoelea wenye urefu wa mita 432, uliojengwa Korea ya Kusini. Humo hupozwa hadi nyuzi 160 za Sentigredi chini ya sifuri, na ujazo wake hupungua mara 600. Kampuni ya BP ya Uingereza ina mkataba wa kuinunua kwa miaka 20.

Umbali huo umekuwa kinga. Wapiganaji walipouvamia mji wa Palma mwezi Machi 2021, kampuni ya Total ya Ufaransa ilisimamisha ujenzi wa mtambo wake wa nchi kavu; kazi ya Coral Sul iliendelea. Hata hivyo, mtambo wa baharini hauhitaji barabara wala vibarua wengi wa pwani. Faida yake humfikia mwananchi kupitia hazina ya serikali tu.

Ndiyo maana sheria iliyopitishwa na Bunge la Msumbiji mwezi Desemba 2023 ina uzito mkubwa. Kwa miaka 15 ya kwanza, asilimia 40 ya mapato ya serikali yatokanayo na gesi itawekwa akiba, na asilimia 60 itaingia katika bajeti. Wananchi wa Cabo Delgado wataipima gesi hiyo kwa shule na zahanati zitakazotokana na fedha hizo. Tanzania, yenye gesi yake katika kilindi hicho hicho ng'ambo ya Ruvuma, ina sababu ya kufuatilia kwa makini.