Duka la Dawa na Kalenda ya Korosho

Mtu anayetaka kufungua duka la dawa muhimu Lulindi, wilayani Masasi, hushawishika kufanya hivyo Oktoba, minada ya korosho inapoanza. Fedha iko mikononi mwa watu na wateja hawabishani bei. Lakini maradhi hayafuati kalenda ya chama cha ushirika. Mvua huanza Desemba, malaria hupanda nyuma yake, na ifikapo Machi fedha ya korosho imekwishaingia kwenye ada, madeni na chakula. Duka ambalo halikulihesabu pengo hilo huishiwa dawa wakati ule ule wagonjwa wanapoongezeka.

Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ambayo mengi yaliuza dawa yasizoruhusiwa kwa mikono isiyofunzwa. Taratibu za kuanza zinajulikana: jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, leseni hutoka halmashauri, na kibali cha jengo hutoka Baraza la Famasi. Mtoa dawa sharti awe na mafunzo na cheti. Hayo huchosha, ila si hayo yanayoua maduka.

Maduka huuawa na droo. Tuseme boksi la dawa limenunuliwa kwa shilingi 30,000 likauzwa 42,000. Faida ni 12,000, na hata hiyo si yote ya mwenye duka, kwa kuwa ndani yake mna pango, ujira wa mtoa dawa na nauli ya kufuata mzigo Masasi mjini. Mwenye duka akichukua 15,000 za unga na sare za watoto, amekula boksi linalofuata bila kujua. Dawa yake ni nyepesi kuitaja, ngumu kuishika: fedha ya mzigo ikae mbali na fedha ya nyumbani, na mwenye duka ajilipe kiasi kilichopangwa, kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Hapa uhasibu unagusa mwili wa mgonjwa. Dozi ya dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Mgonjwa aliyepimwa na kukutwa na malaria akija na nusu ya fedha, duka lililokauka humkatia vidonge 12, naye huondoka akidhani ametibiwa. Duka lenye akiba humpa dozi nzima na kumwandika deni. Akikosa njia zote mbili, huenda akaziuza kwa kangomba korosho ambazo bado ni maua mtini.

Deni nalo liwe na ukomo uliowekwa kabla duka halijafunguliwa, tena mdogo. Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Aliyekuwa ameahidiwa kulipwa “baada ya mnada” alisubiri pamoja nao.

Daftari la mzigo lionyeshe jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na idadi iliyobaki. Inayoisha muda mapema iuzwe mapema. Chini ya bati lisilo na dari, joto hupita nyuzi 30, na dawa huharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Dari basi si urembo. Mtumishi wa zahanati mwenye duka jirani ana mzigo wa ziada: dawa yenye alama ya Serikali isionekane rafuni mwake hata siku moja, na mwenye homa ambaye hajapimwa aelekezwe zahanati kwanza, hata kama droo ni tupu.

Mzigo uhesabiwe siku ya kufungua, kisha mwishoni mwa Novemba, fedha ingali ipo. Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayoagiza dawa za Machi.