CHEMA HAKIJIUZI CHENYEWE
Mafunzo ya biashara kutoka Korogwe na Handeni

Ndugu Wanachama,

Wazee wetu husema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Sisi wakulima wa karafuu twaipenda sana methali hii, kwani hapana shaka karafuu yetu ni njema. Lakini twaona kuwa wengi wetu tumeilalia. Twachuma, twachambua, twaanika, twapeleka gunia kituoni, twapokea fedha zetu, kisha kazi imekwisha. Gunia likishapita mizani, hapana ajuaye limetoka shamba gani, wala nani aliyekesha akiyakunja majamvi mvua ilipotisha.

Katika toleo hili twapenda kuwaeleza habari za mwanamke mmoja wa bara aliyefahamu mapema kuwa jina la bidhaa nalo ni mali. Naye ni Bi. Jokate Mwegelo. Watu wa Korogwe wanamjua kwa kuwa mwaka 2023 alikuwa Mkuu wa Wilaya yao, kabla ya kuitwa mwaka huohuo kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Vijana wa CCM. Lakini hapa hatuzungumzi siasa wala vyeo. Twazungumza habari ya tijara.

Bi. Jokate alizaliwa mwaka 1987. Mwaka 2006 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya Miss Tanzania, na baadaye akapata shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wanaopata sifa ya namna ile huikodisha sura yao kwa matajiri, ikawa wao wanatangaza na faida inakwenda kwa mwingine. Yeye aliunda jina lake mwenyewe, Kidoti, yaani nukta ndogo. (Wasomaji wasidhani ni Kidoti ile ya kaskazini Unguja.) Chini ya jina hilo aliuza nywele za bandia, ndala na vitu vingine ambavyo mwanamke wa kawaida hununua kwa fedha zake kidogo.

Funzo la kwanza ndilo hilo. Ndala ni ndala, na madukani zimejaa tele. Lakini mnunuzi akilijua jina, na mara ya kwanza asidanganywe, mara ya pili ataliuliza jina lenyewe. Hapo muuzaji amekwisha kupata kitu ambacho jirani yake hana, ijapokuwa bidhaa zao zafanana.

Funzo la pili ni kuwa ustadi huu hauishii dukani. Mwaka 2018 Bi. Jokate aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Huko ilianzishwa kampeni ya elimu iliyoitwa "Tokomeza Ziro", maana yake kuiondoa ile alama ya sifuri katika mitihani ya skuli, na watu wakachangishwa fedha za kujenga skuli ya sekondari ya wasichana. Tazameni jina hilo: maneno mawili tu, na kila mzazi, aliyesoma na asiyesoma, hufahamu anatakiwa afanye nini. Ni wangapi katika sisi wanaoweza kumweleza mgeni kwa maneno mawili ubora wa bidhaa yao?

Sasa tutoke ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, twende barabarani. Aliyepata kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi amepita Korogwe, na amewaona wachuuzi wanavyolikimbilia basi na mabeseni ya matunda. Wanawake wale hawakusoma kitabu cha biashara. Lakini wanajua kuwa abiria ana dakika chache, hana kisu, na hataki kuchafua nguo. Kwa hiyo chungwa humenywa kabisa, na chenji huwa tayari mkononi. Wamemfikiria mnunuzi kabla hajafika.

Kusini ya hapo, katika wilaya ya Handeni, machungwa hulimwa pia. Huko, kama ilivyo sehemu nyingi za mkoa wa Tanga, mkulima mwenye shida huliuza tunda likiwa bado mtini kwa mchuuzi mwenye gari. Na mahindi nayo, huko bara, mara nyingi hutakiwa kwa lumbesa, gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kilemba, na bei ikawa ya gunia moja. Mtu wa Pemba asiwacheke. Sisi nasi tunao wanaokodisha mikarafuu yao kabla ya msimu kwa ajili ya ada ya skuli au arusi, kisha wakasimama kando wakitazama wengine wakichuma. Mwenye mti na mwenye faida si mtu mmoja tena.

Basi tufanye nini? Karafuu kavu tunaziuza ZSTC, na sheria tuifuate. Hatumshauri mtu yeyote apite njia za uchochoroni. Lakini hata gunia la ZSTC lina jina, nalo ni jina la Zanzibar. Mnunuzi wa ng'ambo aweza kupata karafuu Madagascar, aweza kupata Komoro. Anayeanika juu ya lami akachanganya na mchanga, au akaacha makonyo ndani, analichafua jina letu sote, si lake peke yake.

Kisha zipo bidhaa nyingine zilizo mikononi mwetu: mdalasini, pilipili manga, manjano, asali, sabuni. Kina mama wa Paje, Unguja, hutengeneza sabuni ya mwani wakaitia viungo, na wageni huinunua. Binti zetu wanaomaliza skuli na kukaa nyumbani wana akili hiyohiyo. Wanachokosa ni mtaji mdogo, na ruhusa ya baba kuziandika hesabu kwa mkono wao na kuiweka faida kwa jina lao.

Kwa hiyo Kamati italeta shauri katika mkutano mkuu ujao: kila tawi lichague bidhaa moja, liipe jina la kijiji chake, na kazi ya kuifunga na kuiuza wapewe wanawake wa tawi, pamoja na daftari la hesabu. Twaomba kila mwanachama aje na mkewe au binti yake, na wao wapewe nafasi ya kusema kwanza. Jambo hili ni lao kuliko letu.

Na tukumbuke kuwa jina ni deni. Siku mtakapoliandika jina la kijiji chenu juu ya pakiti ya mdalasini, kila pakiti mbovu itakuwa na mtu wa kuulizwa. Asiyekuwa tayari kuulizwa, bora auze bila ya jina, na apokee bei ya bidhaa isiyo na jina.

Wasalaam,
Katibu wa Chama