Kila Jeraha na Saa Yake

Kutoka Mlandege, katikati ya mji wa Iringa, ni mwendo mfupi wa kuteremka hadi Ipogolo, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita chini ya mji, jirani na mto Ruaha Mdogo. Ukishika upande wa Dar es Salaam unapita Ilula, kisha unazikuta kona za mlima Kitonga zinazoteremka kuelekea Ruaha Mbuyuni. Ukishika upande wa pili unapita Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300 za vilima, ukungu na malori. Tarehe 11 Machi 2015, eneo la Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha.

Kwenye ajali za barabara hii, daktari huwa hafiki wa kwanza. Wanaotangulia ni mkulima aliyekuwa shambani, konda wa gari lililokuwa nyuma, kijana wa bodaboda, mama anayeuza nyanya kando ya lami. Wanafanya ambalo mwenye huruma yeyote angelifanya: wanamvuta majeruhi, wanamkalisha, wanampa maji, wanampakia kwenye gari la kwanza linalosimama. Huruma haijapungua hata chembe. Kinachokosekana ni kujua kipi kianze na kipi kingoje, na elimu hiyo ndiyo moyo wa mafunzo ya mhudumu wa tiba ya dharura, mtu wa kada ya kati anayesomea kazi ya kumhudumia mgonjwa tangu pale alipoangukia hadi mlangoni mwa hospitali.

Saa ya dhahabu imepasuka

Kwa miaka mingi mafunzo haya yalibebwa na msemo wa saa ya dhahabu. Aliyeueneza ni R Adams Cowley, daktari wa upasuaji wa Baltimore, Marekani, aliyehubiri kwamba majeruhi akifikishwa kwenye tiba kamili ndani ya dakika 60 ana nafasi kubwa ya kuishi. Msemo huo ulisaidia kuleta vituo maalumu vya majeruhi na helikopta za wagonjwa. Ila watafiti waliokwenda kutafuta takwimu zilizouzaa hawakuona msingi imara. Mwili hauna ukuta kwenye dakika ya 60. Kila jeraha lina saa yake, na mhudumu aliyefunzwa ni yule anayeweza kusoma saa kadhaa kwa wakati mmoja.

Saa ya ubongo ndiyo fupi kuliko zote. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kudhurika baada ya dakika 4 hadi 6. Mtu aliyezimia akilazwa chali, misuli ya taya hulegea, ulimi ukarudi nyuma na kuziba koo. Anaweza kufa hivyo akiwa na mguu uliovunjika tu na kichwa kilichogongwa kidogo. Dawa yake ni mikono: kusukuma taya mbele bila kukunja shingo, na kuondoa damu au matapishi mdomoni. Hakuna gari la Iringa mjini linaloweza kufika Kitonga ndani ya dakika hizo. Aliye pale ndiye anayeweza.

Inayofuata ni saa ya damu inayoonekana. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban lita 5 za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu ya kumtosha kuishi inaweza kwisha kwa dakika chache. Hapa kazi ni kugandamiza jeraha kwa uzito wa mwili mzima, na ikishindikana kufunga mkanda wa kubana damu juu ya jeraha, kuukaza hadi damu isimame kabisa, kisha kuandika saa uliyoufunga. Mkanda uliokazwa nusunusu ni hatari: unazuia damu inayorudi kwenye moyo huku ile inayotoka ikiendelea kupita, na jeraha linavuja zaidi.

Kisha kuna saa ya damu isiyoonekana, ile inayovujia tumboni, kifuani au kwenye nyonga. Hii ndiyo inayodanganya. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza hadi asilimia 15 ya damu yake, kama mililita 750, bila dalili kubwa. Mishipa ya ngozi husinyaa, moyo huongeza kasi, damu iliyobaki huelekezwa kwenye ubongo na moyo wenyewe. Anaongea, anauliza simu yake iko wapi, anakataa kulala kwenye machela. Akivuka asilimia 30 hivi, hila za mwili huisha na shinikizo la damu huporomoka kwa ghafla. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kutoamini maneno ya mgonjwa peke yake. Anahesabu pumzi, anahesabu mapigo, anashika mikono kuona kama ni baridi na ina jasho, na baada ya dakika chache anarudia kuhesabu. Namba moja haisemi mengi. Mwelekeo wa namba ndio unaosema.

Mfupa wa mkono uliovunjika, ambao ndio unaomfanya mtu apige mayowe kuliko majeraha mengine, una saa ndefu. Anayepiga mayowe njia yake ya hewa iko wazi. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbiliwa.

Mpangilio unaofundishika

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walichapisha kozi ya msingi ya huduma za dharura, iliyoandaliwa kwa ajili ya maeneo yenye vifaa vichache. Ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia kabla ya kusambazwa. Uti wa mgongo wake ni hatua tano zisizorukwa: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, na mwisho kumfunua mgonjwa ili kuona majeraha yaliyojificha. Kila tatizo linashughulikiwa linapoonekana, kabla ya kwenda hatua inayofuata. Kwa damu inayomwagika waziwazi, mafunzo mengi ya leo huruhusu izuiwe hata kabla ya kuangalia njia ya hewa.

Hatua ya tano ina mtego wake katika Nyanda za Juu Kusini. Ukimvua majeruhi nguo usiku wa Julai pale Makambako, unamwongezea adui, yaani baridi. Damu huganda kwa msaada wa protini ambazo hufanya kazi vizuri katika joto la kawaida la mwili. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, protini hizo hupunguza kasi na chembe sahani hushikana kwa shida. Damu ikizidi kuvuja, viungo hukosa oksijeni na kuzalisha asidi. Asidi nayo huharibu zaidi ugandaji. Baridi, asidi na damu isiyoganda vinasukumana katika mzunguko ambao madaktari wa majeruhi wanauogopa kuliko jeraha lenyewe.

Kwa hiyo hapa blanketi ni kifaa cha tiba. Lami yenye baridi hunyonya joto la mgongo, hivyo kitu cha kwanza kinatandikwa chini ya mgonjwa kabla ya kumfunika juu. Nguo zilizolowa damu au mvua zinatolewa, sehemu moja ya mwili inachunguzwa na kufunikwa, ndipo inafuata nyingine. Hata vipimo vinahitaji akili ya mahali. Kubonyeza ukucha na kusubiri rangi irudi ni njia rahisi ya kukadiria mzunguko wa damu, na ikizidi sekunde 2 au 3 mwanafunzi wa Dar es Salaam anashtuka. Kwa mtu aliyelala saa nzima kwenye baridi ya Mafinga, vidole huchelewa kwa sababu ya baridi tu. Ni heri kubonyeza kifuani.

Saa tatu za dawa moja

Kuna saa nyingine ambayo sayansi imeipima kwa usahihi wa kipekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Utako Okamoto na mumewe Shosuke, watafiti wa Japani, waligundua asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyushwe mapema. Miaka karibu 50 ilipita kabla haijapimwa vya kutosha kwa majeruhi. Utafiti uitwao CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha wagonjwa 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Waliopewa dawa hiyo ndani ya saa moja tangu kuumia walipunguziwa hatari ya kufa kwa kuvuja damu kwa karibu theluthi moja. Manufaa yalipungua kadiri muda ulivyokwenda. Baada ya saa tatu kupita, dawa ilionekana kuongeza hatari.

Mwaka 2017 utafiti mwingine wa wanawake zaidi ya 20,000 wanaovuja damu baada ya kujifungua ulionyesha jambo linalofanana: dawa hiyo inapunguza vifo vitokanavyo na kuvuja damu, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu. Hii si dawa ya bei ya kutisha wala haihitaji mashine. Inahitaji mtu anayejua ajali ilitokea saa ngapi. Ndiyo maana mhudumu mwanafunzi hukemewa akirudi na taarifa isiyo na muda ndani yake.

Kada iliyozaliwa mtaani

Kada hii ni changa hata katika nchi tajiri. Ukandamizaji wa kifua tunaoujua leo ulielezwa na watafiti wa Johns Hopkins mwaka 1960. Mwaka huohuo Asmund Laerdal, mtengeneza wanasesere wa Norway, alitoa mwanasesere wa mazoezi ambaye vizazi vya wanafunzi vimejifunzia juu yake; kipimo cha leo ni kukandamiza mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na kupokezana kila baada ya dakika 2 kwa sababu mikono huchoka kabla mwenye nayo hajatambua.

Mwaka 1967, mjini Pittsburgh, Marekani, Daktari Peter Safar alisaidia kuanzisha huduma ya Freedom House. Wakati huo mgonjwa wa mtaa wa Wamarekani Weusi alichukuliwa na gari la polisi, kama lilikuja. Safar aliwafundisha vijana wa mtaa huohuo, wengi wakiwa hawana ajira na wengine hawakumaliza sekondari. Wakajifunza anatomia, njia ya hewa, moyo na uendeshaji wa gari, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa dharura waliofunzwa kitaalamu nchini humo. Huduma ilifungwa mwaka 1975, lakini mtaala ulioandikwa na daktari wao, Nancy Caroline, ulienea Marekani yote.

Afrika Mashariki nayo ina mizizi yake. St John Ambulance imekuwapo Kenya tangu 1928, na Msalaba Mwekundu wa Kenya una huduma ya magari ya dharura, E-Plus, tangu 2010. Tanzania ilianzia upande wa hospitali: Idara ya Tiba ya Dharura (EMD) ya Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Sasa Hospitali ya Kanda ya Rufaa Mbeya na hospitali nyingine za rufaa zina EMD zao. Nje ya geti la hospitali, mpango wa m-mama uliokulia Kanda ya Ziwa ulianza kusambazwa kitaifa mwaka 2022. Mjamzito akipata dharura, hupigwa namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa likikosekana hutafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Mpango huo umethibitisha kwamba mawasiliano na usafiri vinaweza kupangwa hadi kijijini.

Atakayekaa nyuma

Kati ya simu na EMD kuna kilomita, na ndani ya kilomita hizo mgonjwa yuko na nani? Mara nyingi yuko na ndugu aliyeshika chupa ya dripu, na dereva asiyeweza kugeuka nyuma. Gari la namna hiyo ni teksi yenye king'ora.

Iringa na Mbeya zina vyuo vya afya, zina hospitali za rufaa za kufanyia mazoezi, zina hospitali za Tosamaganga na Ilula zinazopokea majeruhi wa barabara hii. Mtaala wa kada hii ukifundishwa hapa una mengi ya kuchukua kutoka nje ya mlango wa darasa: namna ya kumfunga mgonjwa na kujifunga mwenyewe kabla ya kona za Kitonga, kwa sababu kukandamiza kifua ndani ya gari linaloyumba hakuna ufanisi na kunaweza kumjeruhi mhudumu, namna ya kukabidhi mgonjwa kwa maneno machache yenye kilichotokea, majeraha, vipimo, matibabu na muda, namna ya kushughulikia fomu ya polisi ya PF3 bila kuifanya itangulie pumzi ya mtu. Na chini ya kada hiyo kuna ngazi ya kwanza ambayo haihitaji cheti kirefu. Madereva wa bodaboda wa Mlandege, wapiga debe wa stendi na wauza matunda wa Ruaha Mbuyuni wanaweza kufundishwa kwa siku chache kuinua taya, kugandamiza jeraha, kumfunika mgonjwa na kupiga simu.

Halmashauri inaponunua gari jipya la wagonjwa, picha hupigwa, funguo hukabidhiwa na wananchi hupiga makofi. Swali la kuuliza siku hiyo ni nani atakayekaa nyuma, alisomea wapi, na kama jina lake lipo kwenye bajeti sambamba na mafuta na matairi.