Akili mnemba ianze na kifafa, ianzie Dodoma

Hospitali ya Mirembe imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927. Kwa karibu karne nzima watu wameletwa Dodoma na ndugu, polisi na mahakama, na pale jirani, Isanga, wanatunzwa wale ambao ugonjwa uliwafikisha mbele ya sheria. Katika jiji hilohilo, Chuo Kikuu cha Dodoma kina maabara ya utafiti wa akili mnemba. Wanaowajua wagonjwa na wanaoijua mitambo wanapanda daladala za jiji moja. Rai yangu ni hii: tukitaka teknolojia hiyo iusaidie ubongo wa Mtanzania, tuanze na kifafa, na tuanzie hapa kanda ya kati.

Kwa nini kifafa? Kwa sababu ni ugonjwa unaotambuliwa kwanza kwa masimulizi. Chukua zahanati ya kijiji, tuseme Bahi au Chemba. Bibi amemleta mjukuu wa miaka tisa aliyeangukia mafiga, mkono umefungwa kipande cha kanga. Mtoto sasa ametulia, anachezea kamba ya kandambili. Tabibu hakumwona akianguka, na kipimo cha umeme wa ubongo hakipo. Alicho nacho ni maswali.

"Bibi, alipoanguka alikuwa anakusikia ukimwita?"

"Hakusikia, daktari. Macho yalipinduka, akakakamaa, halafu mwili wote ukawa unarukaruka."

"Alijing'ata ulimi? Alijikojolea?"

"Vyote viwili. Nyumbani wanasema ni mambo ya ukoo, apelekwe kwa mganga."

Tabibu anayejua kuuliza atafika. Asiyejua ataandika malaria kwenye kitabu cha MTUHA, mtoto atarudi nyumbani na dawa mseto, na siku nyingine ataanguka tena, pengine kisimani.

Hapo ndipo kompyuta imeonyesha msaada wa kweli. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika maeneo matano: Ifakara hapa kwetu, Kilifi nchini Kenya, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini, wakiwatafuta wenye kifafa miongoni mwa watu zaidi ya laki tano. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Miaka kumi baadaye kundi la watafiti, wakiwamo Charles Newton wa Kilifi na Arjune Sen wa Oxford, lilirudi kwenye taarifa zilezile. Kompyuta ilipewa historia za wenye kifafa cha degedege na za wasio nacho, ikachuja ni maswali gani hasa yanayowatenganisha. Yakabaki maswali machache yanayoweza kukaa kwenye simu ya mhudumu wa afya. Anajaza majibu, anaambiwa uwezekano ni mkubwa au mdogo kiasi gani, na uamuzi unabaki kwake.

Nasisitiza mpangilio wa kazi hiyo kwa sababu wengi tunaugeuza. Akili mnemba ilikuja mwishoni. Kwanza walitangulia watu waliovaa viatu vya vumbi, wakabisha hodi, wakauliza kwa lugha ya wenyeji na kuandika majibu kwa uangalifu. Bila wao, kompyuta isingekuwa na cha kujifunza.

Na faida yake haihitaji miujiza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, dawa ya kifafa, ni ya bei nafuu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kusema: huyu ana kifafa, aanze dawa leo.

Hata hivyo, Ifakara si Kongwa ya hapa Dodoma. Kanda hii ina tatizo lake, nalo ni tegu wa nguruwe. Mtu akimeza mayai ya minyoo hiyo kwa maji, mboga au mikono yenye kinyesi, viluwiluwi vyaweza kufika kwenye ubongo na kujenga vifuko vinavyoleta kifafa. Nguruwe wa Kongwa wamepimwa na kukutwa na ugonjwa huo. Kule Mbulu, wagonjwa wa kifafa wa Hospitali ya Haydom walipigwa picha za CT na vifuko vikaonekana. Programu ya kusoma picha za ubongo iliyofundishwa kwa wagonjwa wa Ulaya, ambako tegu huyo ni nadra, inaweza kukiita kifuko uvimbe wa saratani au isikione kabisa. Ndiyo maana picha zinazopigwa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma zina thamani kubwa, mradi kila picha iwe na jibu sahihi la daktari kando yake, na jina la mgonjwa liwe limeondolewa.

Magonjwa ya akili ni magumu zaidi, na hapo naomba tusiharakishe. Sonona haina kipimo cha damu. Ushahidi ni maneno ya mgonjwa, na katika uwanda huu wengi huyasema kwa Kigogo, Kirangi, Kinyaturu au Kisandawe kabla ya Kiswahili. Mtu analalamika kwamba ana mawazo, kichwa kizito, usiku halali. Mashine ambayo haijawahi kusikia watu wakizungumza hivyo itampita bila kumtambua.

Kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022, lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kijana wa Dodoma anayeiandikia programu usiku kwamba alijaribu kujitoa uhai anaweka maandishini jambo linaloweza kumpeleka mahakamani. Kifungu hicho kifutwe kabla hatujamwalika azungumze na mashine.

Kifafa hakina kikwazo hicho. Wizara ya Afya, Mirembe, Benjamin Mkapa na Chuo Kikuu wanaweza kukaa meza moja, wakaanza na maswali yale ya simu katika zahanati chache za Kongwa na Chemba, wakapima kama yanafaa kwa watu wa huku.

Nawe msomaji, ukiwa na mgonjwa nyumbani, usingoje. Akianguka, ondoa vitu vya hatari karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Mwombe mtu arekodi kwa simu, kisha mkamwonyeshe tabibu. Degedege ikizidi dakika tano, mkimbize kituo cha afya. Na akishaanzishiwa dawa, asiiache bila ushauri wa daktari.