Themostati Si ya Nchi za Baridi

"Fundi, gari linachemsha. Nitoe themostati?" Swali hili hunifikia hapa Malukhu, Mbale, kwa simu, kwa ujumbe, na kwa mdomo wa mtu aliyesimama mbele ya boneti iliyofunuliwa huku mvuke ukimpiga usoni. Wengine hata hawaulizi. Huja wameshaitoa, wameiviringisha kwenye karatasi, na wanachotaka ni kuambiwa tu kwamba wamefanya la busara. Hawakufanya. Nimelijibu swali hili hadi nimechoka, kwa hiyo leo naliandika, na atakayeuliza tena atapewa ukurasa huu asome akiwa anasubiri injini yake ipoe.

Imani yenyewe inajulikana Mbale, inajulikana Jinja, na sina shaka inajulikana Kisumu na Mwanza pia. Wanasema themostati iliwekwa na Wajapani kwa sababu kwao kuna theluji. Huku kwetu jua linawaka mwaka mzima, basi kifaa hicho kinayabana maji bure. Kitoe, maji yatembee, gari lipoe.

Tuanze na hilo la theluji. Tarehe 23 Julai 2018, mji wa Kumagaya, kaskazini-magharibi ya Tokyo, ulifikia nyuzi joto 41.1. Mbale haijui joto la namna hiyo. Sisi tumeketi chini ya mlima Wanale, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na siku inayopita nyuzi 33 tunaiita siku ya adhabu. Gari lililotoka Japani limeshavumilia majira ya joto makali kuliko yetu, likiwa na themostati yake ndani, kabla halijapakiwa melini kuja Mombasa. Ukitaka mfano wa karibu zaidi na lugha yetu, muulize ndugu yako aliyeko Muscat, ambako nyuzi 40 ni habari ya kawaida kuanzia Mei. Toyota za huko zina themostati, tena zinapanda milima.

Sababu yake ni kwamba themostati haijali jua. Haipimi hewa ya nje, inapima maji yaliyomo ndani ya injini. Ndani yake kuna kikombe kidogo cha shaba kilichojazwa nta. Maji yakipata joto la kutosha, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma kipini, na mlango unafunguka. Kwenye injini za Toyota za jamii ya 4A na 5A, zile zilizomo kwenye Corolla ya mia tunayoiita Kikumi, mlango unaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 unakuwa wazi kwa milimita 8 au zaidi. Uwe Kapchorwa asubuhi yenye ukungu au Soroti saa nane mchana, namba hizo hazibadiliki. Injini yenyewe imesukwa kufanya kazi ikiwa na joto hilo. Nafasi kati ya pistoni na silinda, wepesi wa oili, kiasi cha petroli kinachonyunyizwa, vyote vimepimwa kwa injini ya moto, si kwa injini ya vuguvugu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawajaonyeshwa, ingawa lipo mkononi mwao wakati wanaitupa themostati pipani. Igeuze uitazame. Utaona ina sahani mbili. Sahani kubwa ndiyo mlango kila mtu anaoujua. Chini yake, kwenye springi, kuna sahani ndogo ambayo watu huidhania urembo. Hiyo inafunga njia ya mkato. Injini ikiwa baridi, mlango mkubwa umefungwa na njia ya mkato iko wazi, kwa hiyo pampu inazungusha maji ndani ya injini peke yake mpaka yapate moto. Injini ikipata moto, mlango mkubwa unafunguka, na kwa mwendo huohuo sahani ndogo inashuka kuziba njia ya mkato. Kuanzia hapo maji yote hayana budi kupita kwenye rejeta.

Ukiitoa themostati, umeondoa milango yote miwili. Njia ya rejeta iko wazi, sawa. Lakini njia ya mkato nayo iko wazi, na haitafungwa tena. Maji hufuata penye urahisi. Rejeta ina vijia vyembamba, na ile yenye miaka 30 ya kutu na chokaa ina vijia vyembamba zaidi, ilhali njia ya mkato ni bomba fupi lisilo na kizuizi. Basi sehemu ya maji ya moto inatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini bila kuiona rejeta kabisa. Mjini, ukizunguka polepole kutoka Naboa Road hadi soko kuu, hutagundua kitu, na mshale utakaa chini ukufurahishe. Pakia magunia ya ndizi, anza safari ya Kapchorwa, ingia gia ya pili kwenye ile miinuko, ndipo utakapojua kwamba gari ulilolitibu lisichemke linachemka kwa sababu ya tiba.

Kuna mafundi wanaojua kwamba kuitoa yote ni vibaya, kwa hiyo wanaivunja katikati na kurudisha pete tupu, "ili mpira usivuje." Matokeo ni yaleyale. Kilichovunjwa ndicho kilichokuwa kinafunga njia ya mkato.

Na wapo wanaoikataa tabia hii kwa hoja ya kombo. Wanasema bila themostati maji yanakimbia mno, hayapati muda wa kupoa ndani ya rejeta. Nawashukuru kwa kuwa upande wangu, lakini hapana. Maji yakipita haraka kwenye rejeta yanapita haraka kwenye injini pia, na mwendo wa kasi huchukua joto vizuri zaidi, si vibaya. Ubaya uko kwenye maji yasiyopita kwenye rejeta hata kidogo. Hoja mbovu inayofika kwenye jibu sahihi bado ni hoja mbovu, maana kesho itamfanya mtu abane bomba kwa waya ili "kuyapunguza maji mwendo." Nimeyaona hayo.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu siku ya kwanza inafanya kazi. Themostati iliyozeeka hukwama ikiwa imefungwa, na gari huchemka kweli. Fundi anaitoa, gari linapoa, mwenye gari anaondoka anasifu. Huko ni kung'oa mlango wa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama: utaingia ndani, hilo halina ubishi. Isitoshe, wapo wazee wa kazi waliojifunzia kwenye injini zenye themostati ya sahani moja, na huko ukiitoa gari halichemki, linabaki baridi tu. Walichokiona walikiona kweli. Wamekihamishia kwenye injini isiyofanana.

Hata huko kwenye kubaki baridi kuna gharama, ila haiji na mvuke, kwa hiyo hakuna anayeihesabu. Kikumi na wenzake wana kompyuta ndogo inayosoma joto la maji. Maji yasipopata moto, kompyuta inaamini gari limewashwa sasa hivi, inaendelea kuongeza petroli. Petroli ya ziada inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inaingia kwenye sampu. Unyevu ambao ungekaushwa na joto unabaki ndani ya oili na kugeuka uchafu mzito chini ya kifuniko cha kujazia. Pistoni na ringi zinalika. Na kwenye Toyota nyingi za otomatiki, gia ya juu kabisa hairuhusiwi kuingia mpaka maji yapate joto fulani. Ndiyo maana kuna watu wametoka Iganga hadi Mbale kwa barabara ya Tirinyi, tambarare tupu, injini ikilia njia nzima, wakafika wakiuliza bei ya gia boksi. Gia boksi haikuwa na kosa. Ilikuwa inasubiri injini ipate moto, na injini hiyo haipati moto tena kwa sababu kuna mtu aliamua kwamba Uganda ina jua.

Magari haya hayapatikani tena kirahisi. Kikumi ilianza kutengenezwa mwaka 1991, na tangu 2018 sheria ya Uganda imefunga mlango kwa magari madogo yaliyotimiza miaka 15. Uliyo nayo ndiyo hiyo.

Haya, gari linachemsha, tufanye nini? Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, sitalirudia hilo. Kwanza jiulize linachemka lini. Likichemka kwenye msongamano pale karibu na mnara wa saa na kupoa ukishika barabara, shuku feni. Likichemka kwenye mlima au kwenye mwendo wa kasi, shuku rejeta, pampu au mkanda. Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, shuku themostati iliyokwama au maji yaliyopungua.

Feni: kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, chomoa waya wa swichi ya joto ya feni, washa ufunguo bila kuwasha injini, na feni lazima izunguke. Ikizunguka, swichi ndiyo imekufa. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha rilei, kisha ipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Themostati iliyokwama: mshale unapanda, mpira wa juu wa rejeta unaunguza mkono, wa chini ni baridi. Themostati iliyokwisha kutolewa na aliyekuuzia gari bila kukuambia: ukiwasha asubuhi, mpira wa chini unaanza kupata vuguvugu mara moja, badala ya kubaki baridi kwa dakika kadhaa. Rejeta: piga maji kutoka upande wa injini kuelekea nje, si kinyume chake, uondoe matope na wadudu, na baada ya safari pitisha mkono juu yake feni ikiwa imezimwa. Sehemu iliyo baridi katikati ya joto imeziba. Pampu: tazama tundu dogo chini ya shafti yake. Likidondosha maji, pampu imekwisha, na gundi haitaiokoa.

Kifuniko cha rejeta hakiangaliwi na mtu, nacho huku kwetu kina kazi kubwa kuliko pwani. Mbale maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Sipi, karibu mita 1,800, kwenye 94. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 kinayashikilia kwa shinikizo na kuongeza karibu nyuzi 20 juu ya hapo. Kifuniko chenye raba iliyopasuka hakiongezi chochote, na utaambiwa injini imekufa kumbe ni raba. Anza na hicho, kina bei ndogo. Na maji ya bomba au ya mtoni uyatie siku ya dharura tu. Kulanti ndiyo inayozuia kutu isile hedi ya aluminiamu.

Maji yakipungua na huoni yanapovuja, mapovu yakitoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta tangu injini ikiwa baridi, moshi mweupe usipokoma, au oili ikigeuka nyeupe kwenye kipimo, gasketi ya hedi imekwenda. Hiyo si kazi ya spana moja uani. Zima gari, livutwe.

Themostati mpya utaifunga mwenyewe. Nunua yenye alama ya 82, na usiiamini kwa sababu imetoka kwenye boksi lenye jina zuri. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Kabla maji hayajachemka, mlango uwe umeshafunguka vizuri, na yakipoa ufunge. Isipofanya hivyo, irudishe dukani. Fuata mpira wa chini wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini. Kwenye Kikumi themostati imo humo, chini ya kifuniko cha nati mbili, spana namba 10. Kuna kitundu chenye kipini kinachochezacheza, na hicho kiwe upande wa juu ili hewa ipate pa kutokea. Badilisha na raba yake, isiyo na gundi wala silikoni. Jaza polepole, washa hita ya ndani mpaka mwisho, acha kifuniko wazi injini iungurume na mapovu yatoke, ongeza, funga. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, angalia tena, maana maji yatakuwa yameshuka kidogo.