Wanaosaga Meno Usiku (2): Gego Lisilo na Kosa

Huko Ipililo, mkoani Simiyu, kumkataza mtu vyakula vigumu si kazi ndogo. Kwa Wasukuma, viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa huwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe, huwa matobolwa. Kipande cha matobolwa kilichokauka sawasawa hutafunwa mpaka masikio yacheze. Mwenye taya zima huona raha. Aliyekesha akisaga meno hulipia.

Sehemu iliyopita ilieleza usagaji wenyewe. Leo ni zamu ya kiungo cha taya. Mtu akiweka vidole mbele ya masikio na kufungua kinywa polepole, kinachoteleza chini ya ngozi ndicho hicho. Ndani yake mna kisahani chembamba kati ya mfupa wa taya na fuvu. Kikihama mahali pake, taya hulia "ta!" kila linapofunguka. Mlio mtupu, usio na maumivu wala kukwama, hauhitaji tiba.

Balaa ni maumivu yanayojifanya ya jino. Mtu huamka mashavu yamekaza, panja zinagonga, gego linauma, naye huyo, mbio kung'olewa. Gego hutoka, maumivu hubaki. Kabla ya kushika koleo, tabibu makini huibonyeza kwanza misuli ya shavu na panja.

Mwaka 1934, daktari Mmarekani James Costen aliyahusisha matatizo ya taya na sikio na kupotea kwa magego. Fikra za namna hiyo ziliwafanya wengi wakerezwe meno mazima ili yaumane vizuri, na jino likishakerezwa halirudi. Mwongozo uliotolewa na jarida la BMJ la Uingereza mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya umetanguliza mambo mengine: mazoezi ya taya, kukanda misuli, na tiba ya mazungumzo.

Kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, inayofinyangwa kwa vipimo vya meno ya mgonjwa, huyanusuru meno yasilike. Kusaga kwenyewe mara nyingi huendelea.

Nyumbani, kitambaa cha maji ya moto shavuni husaidia. Mchana midomo ifungwe, meno yaachane. Miayo ipigwe kidevu kikiwa kimeshikwa, na michembe ipikwe hadi ilainike, muwa usubiri.

Taya likichomoka na kinywa kikagoma kufunga, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu misuli huzidi kukaza. Namna ya kulirudisha, gumba juu ya magego, kusukuma chini kisha nyuma, ilijulikana tangu enzi za Hippocrates.

Sehemu ijayo: watoto wanaosaga meno, na lawama wanayobebeshwa minyoo.